Kilichokuwa Darini kwa Bi Mkubwa

Sheha, kiongozi wa kijiji kimoja cha kusini, alinipigia simu Alhamisi asubuhi. Nilikuwa juu ya ngazi huko Shangani, nimeingiza kichwa ndani ya paa la nyumba ya wageni, naziba mianya waliyokuwa wakipitia popo. Alinisalimu kwa mkato, na kwa mtu wa kusini hilo si jambo la kawaida.

"Wewe ndiye yule mwanamke anayetoa wanyama majumbani bila ya kuwaua?"

"Naam, ndiye."

"Basi njoo leo. Kesho watu wakitoka sala ya Ijumaa wanataka kuivamia nyumba ya mtu."

Kazi hii niliianza bila ya kuikusudia. Nilikuwa nikisafisha vyumba katika hoteli moja Matemwe, na komba wakaingia kwenye makuti ya paa, usiku kucha wakilia kama watoto wachanga. Meneja akataka kuwatilia sumu. Nikamwomba aniachie mimi. Nikaziba kila upenyo, nikabakisha mmoja, na huo nikauwekea kijimlango cha waya kinachofunguka kwa nje tu. Komba wakatoka kwenda kula, waliporudi hawakuweza kuingia, wakahamia kwenye miti. Habari zikaenea. Siku hizi naitwa kutoa popo, nyuki, nyoka, kima aliyeng'ang'ania jiko la mkahawa. Mara nyingi mwenye nyumba anachotaka ni kulala usingizi wake. Mara hii palikuwa na mambo mengine.

Nilifika kijijini alasiri, na kigari changu cha mizigo na vizimba viwili nyuma. Sheha alinisubiri barabarani, mtu wa makamo, kofia ya kiua kichwani, uso umemsawijika. Tukasimama pembeni ya gari akanieleza.

Nyumba ni ya mjane anayeishi peke yake mwisho wa kijiji, mahali mashamba yanapokoma na maweni, ile ardhi ya mawe na vichaka, yanapoanza. Kuku walianza kupotea kijijini. Kisha kitoto cha mbuzi cha jirani yake kikakutwa kimeraruliwa shingo. Halafu mtoto wa jirani huyo huyo alitoka uani baada ya magharibi, akaona macho mawili yanang'aa juu ya paa la mjane, na kitu chenye madoa kikajiingiza ndani. Usiku ule mtoto akashikwa na homa.

"Sasa wanasema bi mkubwa anafuga chui, anamtuma kwa uchawi," sheha alisema.

"Na wewe unasemaje?"

Alitazama chini. "Mimi sijamwona chui maisha yangu yote. Lakini hapa hutampata mtu wa kukwambia kuwa hawakuwapo, wala kuwa hakuna waliowafuga."

Alinisindikiza mpaka kwenye baraza ya nyumba. Kizingitini hakupita.

Bi mkubwa alikuwa uani, amekaa juu ya mkeka, anasokota kamba ya makumbi. Mrefu, mkavu, ushungi wake mweupe safi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyeletwa kumwona chui wangu?"

Nilimtazama nikidhani anafanya mzaha. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Nimekuja kumtoa mnyama aliye darini, ikiwa yupo."

"Yupo. Tena ana watoto. Nnawasikia wakinyonya."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

Mikono yake haikusita. "Ningesema kuna kitu darini mwangu, nani angesikia 'kitu'? Wangesikia chui."

Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, paa la bati, na juu ya chumba chake palikuwa na dari ya boriti na mabanzi, pa kuwekea nazi. Njia ya kupandia ilikuwa tundu la mraba pembeni ya chumba. Nilipanda ngazi, nikaingiza kichwa na tochi. Kabla sijaona chochote, harufu ilinipiga: nzito, tamu, ya kuchukiza na kuvutia kwa pamoja. Zabadi. Mabibi zetu wa mjini walikuwa wakiitia kwenye mafuta ya kujipaka. Karibu na upenu niliona manyoya ya kuku, na kinyesi kilichojaa kokwa. Kule mwisho kabisa, nyuma ya lundo la makumbi, kitu kilinguruma kwa sauti ya chini, na vitoto vikalia mara moja vikanyamaza.

Nilishuka nikiwa na hakika, maana zabadi hutoka kwa ngawa, yule mnyama wa madoa anayefanana na paka. "Ni ngawa, bi mkubwa. Ngawa na watoto wake."

"Nnajua ni ngawa," alisema. "Nimezaliwa hapa hapa. Nenda kawaambie wao."

Nilimwambia sheha. Akashusha pumzi, lakini akatikisa kichwa. Alisema maneno matupu hayatomwokoa mtu. Wanataka kuona. Na ngawa ana madoa. Akikurupuka mchana kweupe akakimbia mbele ya watu waliokwisha kuamini, wataona wanachokiamini. Nilimuelewa. Ilinibidi nimtoe akiwa hai, ndani ya kizimba, wakamtazama kwa kituo.

Jioni ile nilitega kizimba kidogo nje, kwenye upenu alipokuwa akipitia, nikatia ndizi mbivu na dagaa. Sheha alitaka nikalale kwake. Nikakataa, sikutaka bi mkubwa abaki peke yake. Tulisali Isha, tukala muhogo wa nazi, na tulikuwa tunakusanya vyombo pale jiwe lilipotua juu ya bati. Kishindo kilijaa chumba kizima. Nilijikunyata nikafunika kichwa kwa mikono.

Bi mkubwa aliendelea kupanga sahani. "Hilo la leo dogo," alisema.

Likaja jingine. Kisha miguu ikakimbia nje, na mtu akasema maneno ya Kikae, lahaja ya huko kusini, ambayo mimi mtoto wa mjini sikuyafahamu. Nilimuuliza amesema nini.

"Kanitaja jina," alisema. Nilijilaza kwenye mkeka karibu na kitanda chake, nikisikiliza kila kilichochakarisha majani.

Alfajiri nilikwenda kwenye kizimba. Mlango ulikuwa umeanguka, na ndani yake kulikuwa na paka. Paka mnene wa rangi ya chungwa, amemaliza dagaa wote, amenikasirikia mimi kana kwamba nimemchelewesha chai.

"Wa jirani," bi mkubwa alisema. Aliuelekeza uso upande wa ua wa pili. "Mrudishie. Mimi siku hizi sendi."

Jirani alikuwa mwanamke kijana. Alinipokea paka wake mlangoni, hakunikaribisha. Nyuma yake nilimwona mtoto wa kike amelala kwenye mkeka, amefunikwa kanga, midomo imemkauka.

"Dada," nilimwambia, "mnyama aliyemwona mwanao ni ngawa. Ana watoto mle darini. Leo nitamtoa. Njoo uone kwa macho yako, uwaambie wenzako."

"Mume wangu kanikataza kukanyaga kule."

"Na wewe mwenyewe?"

Alimbembeleza paka kifuani, macho yakimtembea. "Yule bibi ndiye aliyenikanda nilipojifungua huyu. Siku arubaini nzima ananiogesha, ananifunga tumbo, ananipikia uji wa pilipili manga. Unadhani mimi napenda kusikia wanayoyasema?" Akapunguza sauti. "Lakini mbuzi wangu nilimkuta mwenyewe. Na mtoto wangu ndiye huyo. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungelala?"

Nilirudi.

Kumtisha ngawa atoke kwa makelele ilikuwa kazi nyepesi, lakini angekimbilia nje kwa watu, na vitoto vingefia darini. Kungoja magharibi atoke mwenyewe, hatukuwa na muda huo. Kwa hiyo niliziba matundu yote ya upenu kwa waya na mbao, nikabakisha njia moja tu, lile tundu la mraba linaloshukia chumbani. Chini yake niliegemeza ubao mpana kama daraja, na mwisho wa ubao nikaweka kizimba kikubwa, nimekifunika kanga mbili nzito kiwe na giza, maana mnyama aliyebanwa hukimbilia giza. Mlango wa kizimba niliufunga kamba, nikampa bi mkubwa ncha yake.

"Mimi nitapanda nianzie nyuma yake, taratibu. Hatapenda kuwa karibu na mimi. Atamchukua mtoto mmoja mdomoni atafute pengine pa kumficha. Akishaingia mwili wote, mkia na yote, ndipo uachie. Ukiwahi, utamuumiza. Ukichelewa, atatoka."

"Nshafahamu. Panda."

Msikitini adhana ya Ijumaa ilikuwa imekwisha kuadhiniwa.

Kule juu bati lilikuwa linachoma. Nilitambaa kwa tumbo juu ya boriti, glavu za ngozi mikononi, tochi nimeifunika kitambaa ili mwanga uwe hafifu. Jasho liliniingia machoni na sikuweza kulifuta. Nilizunguka ukutani mpaka nikafika nyuma ya lile lundo la makumbi, na hapo nikamwona. Mdogo kuliko nilivyodhani, mwili mrefu, madoa yamepangana ubavuni kama shanga, mkia wa pete nyeusi na nyeupe. Chini ya kifua chake palikuwa na vitoto vitatu vya rangi ya majivu. Alinionyesha meno.

Nilikaa kimya. Nikasogea kidogo, nikakaa tena. Ndivyo kazi hii ilivyo: unamsogelea kiasi cha kumkera, si kiasi cha kumtia wazimu. Baada ya muda aliinama, akamshika mtoto mmoja kwa ngozi ya shingo, akageuka kuelekea lile tundu.

Hapo ndipo niliposikia watu.

Walikuwa wengi. Kwanza ndara zao njiani, kisha sauti, kisha fimbo ikigongwa kwenye mlango wa mbele. "Mtoe!" mtu alipaza sauti. "Mtoe tumwone!" Ngawa alisimama. Alimtua mtoto, akarudi mbio, akavifunika vyote vitatu kwa mwili wake, manyoya ya mgongo yamesimama wima. Safari hii alinitazama mimi, na alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Nyuma yangu ukuta, juu yangu bati, mbele yangu yeye. Kama angeruka, angenirukia usoni, na kama ningepiga kelele, wale wa nje wangevunja mlango. Niliuma kitambaa cha ushungi wangu nikabaki vile vile.

Yaliyotokea chini sikuyaona. Niliyasikia, na mengine niliambiwa baadaye.

Mlango wa uani ulilia, na jirani akaingia. Alikuwa peku, ushungi umemlegea, kama aliyetoka mbio kabla hajabadili nia. Alisimama katikati ya chumba akimtazama bi mkubwa aliyeshika kamba.

"Nimekuja kuona," alisema.

"Basi usione tu," bi mkubwa alimjibu. "Shika hii. Akiingia mwili wote, mkia na yote, ndipo uachie."

Akamkabidhi kamba. Akajitanda ushungi vizuri, akaenda kufungua mlango wa mbele, akatoka, akaurudisha nyuma yake.

Nilisikia kelele zikipanda, na baadaye sauti yake ikitoka polepole, kwa Kikae, ya mwanamke anayezungumza na watu aliowajua tangu wananyonya. Sheha ndiye aliyenitafsiria siku nyingine. Bi mkubwa alikaa barazani pake, akawataja mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Kisha akawaambia: "Mimi nipo hapa, nje, mbele yenu. Mkitaka kunipiga, nipigeni. Lakini nyamazeni, kuna mtu yumo kazini ndani."

Wakanyamaza. Si wote kwa mara moja, lakini sauti zilipungua mpaka nikasikia vitoto vikikwaruza mabanzi.

Sikuthubutu kusogea. Nilihesabu pumzi zangu nikapoteza hesabu. Ngawa alinusa hewa, akatega masikio, akamshika tena yule mtoto, akapita kwa tumbo mpaka kwenye tundu. Akachungulia. Mwili wake ulirefuka, ukashuka, mkia ukafuata. Nikasikia kucha juu ya ubao.

Kimya.

Kimya kirefu, mpaka nikadhani jirani ameganda.

Mara mlango wa kizimba ukaanguka, na yule mwanamke akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani: "Nimemfungia! Nimemfungia! Ngawa! Wallahi ni ngawa!"

Nilivikusanya vitoto viwili vilivyobaki, nikavitia kifuani ndani ya kanga, nikashuka ngazi. Jirani alikuwa amekaa sakafuni, bado kaishika kamba, analia na kucheka.

Tulikitoa kizimba nje sote wawili. Wanaume walikuwa wametanda uwanjani na kanzu zao za Ijumaa. Baadhi wameshika fimbo, mmoja panga. Bi mkubwa alikuwa bado barazani. Niliweka kizimba chini, nikafunua kanga upande mmoja. Ngawa alijibana kwenye kona, mtoto wake chini ya kidevu.

Watu walisogea. Mzee mmoja alisema "Subhanallah" kwa sauti ya chini. Lakini mwenye panga hakurudi nyuma.

"Huyu ni ngawa," alisema. "Sawa. Ngawa anakula kuku. Na mbuzi je? Ngawa anaua mbuzi?"

"Hapana," nilisema. "Tazama kichwa chake. Mbuzi hamuwezi."

"Basi mbuzi kauawa na nani?"

Uwanja ukawa mzito tena. Nilijua jibu walilokuwa wakilitaka, na nilijua jibu ambalo lingemwokoa bi mkubwa kama ningelitamka kwa uhakika. Lakini mbuzi mwenyewe sikumwona, alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Sijui," nilisema. "Mimi nafikiri mbwa. Ila sikumwona, siwezi kukuapia."

Watu walianza kunong'ona. Mmoja akachokoa kizimba kwa fimbo, na ngawa akafanya alichojaaliwa kukifanya: akainua mkia. Harufu iliwafikia wote kwa pamoja. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma wakiziba pua kwa mikono ya kanzu, mtu akakanyaga ndara ya mwenziwe, na huko nyuma mtu akacheka, kisha wengine.

Jirani akatumia nafasi hiyo. "Mbuzi ni wangu," alisema. "Si wenu. Nami nasema yamekwisha. Nimeingia mle ndani, nimekaa mle. Hakuna kitu. Nendeni makwenu."

Mumewe alikuwepo. Alimtazama kwa muda, akatema mate pembeni, akaondoka. Wengine wakamfuata, wawili watatu kwa pamoja. Mwenye panga ndiye aliyekuwa wa mwisho, na alipopita karibu yangu alisema, si kwa ukali, kama mtu anayekumbusha tu: "Leo ngawa."

Nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa napakia kizimba garini pale bi mkubwa alipotoka ndani na furushi la nguo lililofungwa kwa kanga, na funguo mkononi.

"Nipeleke mjini kwa binti yangu."

Sheha alimfuata akimsihi. Watu wameona, alisema, mambo yatatulia, nyumba hii ni ya wazee wake. Bi mkubwa alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Sheha, usiku waliporusha mawe, uliyasikia?"

"Niliyasikia, bi mkubwa."

"Haya basi."

Alifunga mlango, akampa sheha ufunguo mmoja. Kisha akamwendea jirani aliyesimama penye kona ya ua na mwanawe begani. Aliweka kiganja chake juu ya paji la uso wa mtoto. Jirani hakurudi nyuma.

"Huyu mpeleke kituo cha afya leo hii, akapimwe damu," alimwambia. "Usimpeleke kwa mganga. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi."

Tuliwafungulia ngawa na watoto wake kwenye msitu wa maweni, mbali na mashamba, mahali ambapo afisa wa misitu niliyempigia simu alinielekeza. Niliingiza kizimba chini ya kichaka kilichofungana, nikavirudisha vile vitoto viwili ndani kwa upenyo wa juu, nikafungua mlango, tukarudi kukaa garini, vioo tumevipandisha. Jua lilikuwa linapungua nguvu. Muda mwingi hakukuwa na kitu. Kisha akatoka peke yake, akanusa, akapotea kwenye majani. Nilianza kuwa na wasiwasi, maana si mara zote hurudi. Bi mkubwa alikuwa akivuta uradi kimya kimya kando yangu. Hatimaye majani yakatikisika, akarudi, akachukua mmoja. Akaja tena, na tena.

"Huko alikokwenda ana mahali?" bi mkubwa aliniuliza.

"Hana. Atatafuta tundu la jiwe."

Njia nzima mpaka majumba ya Michenzani, mjini, aliendelea na uradi wake. Binti yake alitupokea chini ya jumba, akabeba lile furushi, na mama akapanda ngazi zile nyingi akishika ukuta, akipumzika kila ghorofa.

Nimekwenda kumwona mara kadhaa tangu siku ile. Mtoto alipona, ilikuwa malaria. Jirani alikuja mjini kumtembelea, akaleta pweza mkavu na nazi za shambani kwake bi mkubwa mwenyewe, wakakaa mchana kutwa wakizungumza Kikae mpaka binti akalalamika kwamba haambulii kitu. Sheha hupiga simu kumwomba arudi. Bi mkubwa hukubali kwenda kwa siku moja, afagie, aangue nazi zake, aamkiwe na watu wanaomwamkia na wengine wanaoinamisha vichwa, na kabla ya magharibi huwa yumo kwenye gari ya kurudi mjini.

Nilimuuliza mara moja kama atakuja kulala kule tena. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Nyumba yangu umeiziba vizuri?" aliniuliza.

"Vizuri kabisa. Hata panya haingii."

"Ahsante, mwanangu. Aliyekwisha kutolewa harudi," alisema, akaendelea na mchele wake.